Paa Jepesi Kuliko Yote Musoma

Jumatatu, 3 Novemba 1986

Kigae kimeanguka. Si nje, ndani. Si sebuleni, kitandani. Kimetua juu ya mto wa Dafroza, pale pale anapoweka kichwa mke wangu akijipumzisha mchana. Kwa bahati alikuwa ameinuka wakati huo huo kwenda kusonga ugali. Alirudi na mwiko mkononi, akautazama mto, akanitazama mimi. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

Kufika saa kumi alikuwa amefunga mizigo. Esta na mdogo wake wamevalishwa viatu. Wamepanda basi la Bunda, kwa mama yake. Ameniambia harudi chini ya paa hili. Nibadilishe paa, halafu mama yake atakuja mwenyewe kulikagua, Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Mama yake asiporidhika, yeye anabaki huko huko kulima pamba na watoto watasoma huko. Neno "anabaki" alilitamka taratibu sana, nikaona hatanii.

Nyumba hii ya mtaa wa Mukendo marehemu baba aliinunua kwa Mhindi mwenye duka aliyehamia Mwanza. Vigae vya udongo tupu, vya zamani za kale. Fundi Bernado alipita kuangalia. Akagonga ukuta kwa vidole, akaweka sikio, akatikisa kichwa. Kuta zimechoka, alisema. Hazitavibeba vigae hivi msimu mwingine. Zinataka paa jepesi.

Jepesi! Mimi ni karani wa mizigo bandarini. Uzito ndiyo kazi yangu. Watu wengine wakipata mtihani, wanapata wasioujua. Mimi nimepewa ninaoujua. Dafroza atarudi. Lazima arudi. Bila yeye nyumba imekuwa kimya mno, na mimi kimya sikiwezi.

Jumatano, 5 Novemba

Florian amekuja bila kuitwa. Huyu ni jirani yangu, anauza mitumba tangu ilipoanza kuingia, na kila siku anavaa koti la mtu mwingine. Aliegemea ukuta wangu uliochoka (sikupenda) akanishauri niezeke mabati. Eti siku hizi yanauzwa dukani mchana kweupe, huhitaji kibali wala kujuana na mtu. Eti yeye mwenyewe ameezeka mabati na analala usingizi wa pono.

Kwanza, mimi kibali cha mabati niliomba mwaka 1982. Bado sijajibiwa. Leo niende dukani nikanunue tu, kama mtu ambaye hakuwahi kuomba? Miaka yote ile ya kupanga foleni itakuwa na maana gani? Pili, nikiezeka mabati mtaa mzima utasema nimemwiga Florian.

Hata hivyo nilikwenda dukani, kwa ajili ya uchunguzi tu. Nikaomba bati moja. Nikalishika kwa mikono miwili, nikafumba macho, nikalipima kama ninavyopima mizigo mashine ya bandarini inapoharibika. Si zito sana. Lakini zito. Mwenye duka aliniuliza kama naumwa.

Nimeamua. Sitaweka paa jepesi. Nitaweka paa jepesi kuliko yote Musoma, mama mkwe akiliona akose la kusema.

Ijumaa, 7 Novemba

Nyasi! Nilikuwa nazitafuta mbali na nimezaliwa chini yake. Mzigo wa nyasi mtoto anaubeba kichwani huku anaimba. Jana nilikwenda Butiama kwa baiskeli, kwa baba mdogo Mseti, nikakata nyasi nzuri ndefu mpaka viganja vikachubuka. Nimerudi nazo leo, nikishuka kwenye baiskeli kila kilima. Nikazipanga uani, nikaingia ndani kunywa maji.

Nilipotoka nilimkuta bwana afya. Alikuwa anapita tu, alisema. Akaniambia nyumba ya nyasi hairuhusiwi mjini, moto ukishika hapa unaishia sokoni. Nikamweleza kuhusu uzito. Akasema yeye hahusiki na uzito, anahusika na moto. Nilikuwa najiandaa kubishana naye hoja kwa hoja, lakini haikuhitajika tena. Tulipogeuka wote wawili tulikuta mbuzi wa Florian wamekula paa langu.

Florian aliomba radhi huku anacheka. Mtu hawezi kuomba radhi huku anacheka. Achague moja.

Jumapili, 9 Novemba

Mungu mkubwa. Baada ya misa nilitembea mpaka Makoko ili nipunguze hasira. Pale ufukweni nikamkuta mzee Luhende anatazama mashua yake. Amefunga mashine ya kusukuma, ya petroli, kwa hiyo tanga lake la zamani limekunjwa pembeni halina kazi. Kitambaa kizito cha marekani, kikubwa, kimeshonwa na kurudiwa.

Nikasimama. Tanga! Kitu ambacho kazi yake ni kukaa juu ya mlingoti bila kuuangusha. Nikalinyanyua. Nikafumba macho. Nyumba nzima inafunikwa na kitu ambacho mtu mmoja anakibeba begani!

Mzee Luhende alisita. Alisema tanga ni la kukamata upepo, na nyumba haiendi popote. Nikamwambia aniachie mimi. Akanitazama, akasema, "Baba Esta, hili tanga lilikuwaga linatuvuta mpaka Ukerewe. Ulifunge vizuri." Akanipa tu, kwa wema wake. Huyu ndiye mtu, siyo wengine wenye mbuzi.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeomba ruhusa kazini. Bosi aliuliza sababu, nikasema matatizo ya nyumbani, maana kweli ni ya nyumbani. Fundi Bernado na mimi tumeshusha vigae vyote. Kila kigae nikikishusha nahisi kuta zinapumua. Fundi aliuliza mabati yanafika lini. Nikamwonyesha tanga. Alilitazama, akakusanya nyundo zake, akasema amekumbuka ana kazi Kigera.

Basi nimelifunga mwenyewe. Nimelitandaza juu ya kenchi, nikalikaza kwa kamba pande zote, mafundo ya bandarini. Ndani kumekuwa na mwanga mweupe wa kupendeza. Nimelala chali kitandani nikautazama. Hakuna kitakachomwangukia Dafroza hapa. Tanga lenyewe likianguka litamfunika tu kama shuka.

Florian alisimama uani akiangalia juu, mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza hakuwa na ushauri.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua imenyesha alfajiri. Naandika nikiwa nimevaa koti.

Tanga halikuvuja. Nataka hilo lieleweke. Lililegea katikati, likafanya tumbo, na maji yakakusanyika kwenye tumbo. Niliamka nikaona kitu kikubwa cha duara kinaning'inia juu yangu. Kwa makadirio yangu ya kikarani, kilikuwa kizito kuliko vigae vyote pamoja. Nikachukua ufagio nikakisukuma polepole kwa chini ili maji yamwagike pembeni.

Hayakumwagika pembeni.

Sawa. Tatizo ni dogo. Kitambaa kinakunywa maji, kikishakunywa kinalegea. Kisipokunywa hakitalegea. Kinachotakiwa ni kukipaka kitu ambacho maji hayakipendi. Lami ni nzito. Nimefikiria asubuhi nzima kazini, mpaka nimekosea kuandika magunia ya watu. Keshokutwa mama mkwe anafika. Sirudi nyuma.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimepata! Mafuta ya sangara!

Samaki huyu amelijaza ziwa miaka hii na mafuta yake hayana mwisho. Ukimkaanga huhitaji kumwekea mafuta, anajitolea mwenyewe. Akina mama wa Makoko wanayakusanya kwenye madebe na hawana pa kuyapeleka. Wamenipa madebe mawili, wakauliza nina sherehe gani. Nikasema ya kumpokea mke.

Nimepaka tanga lote kwa ufagio, tabaka mbili. Nikamwagia kikombe cha maji kujaribu. Maji yakateleza yakaenda zao, hata tone halikubaki! Nilikaa juu ya ukuta pale nikajisikia machozi kidogo. Mtu mmoja, bila kibali, bila fundi, bila kumwiga mtu.

Harufu ipo. Sikatai. Nimechoma udi.

Jumamosi, 15 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nianze na mpango, maana mpango ulikuwa mzuri.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawasogeleani. Mkikutana njiani, mmoja anapotelea kwenye majani mpaka mwenzake apite. Hamkai chumba kimoja, hamtazamani usoni. Kwa hiyo nilimwomba Hyasinta, mke wa Florian, ampokee, amkaribishe ndani, ampikie sato, amwonyeshe paa. Mimi nilijificha kwenye jiko la nje, nyuma ya nyumba, ili nisikie sifa kwa masikio yangu.

Alifika saa nne. Akakaa ndani. Hyasinta akamwonyesha juu. Kukawa kimya, kimya kizuri. Nikasikia mama mkwe anauliza hii harufu ni ya nini. Hyasinta, Mungu ambariki, akasema ni ya sato.

Kwenye saa sita jua likawaka. Hilo sikulipigia hesabu. Mafuta yakaanza kuyeyuka. Tone la kwanza lilimwangukia mama mkwe utosini, la pili puani, kama mtoto anayepewa kipaimara. Nikasikia kiti kinasogezwa. Kisha kinasogezwa tena. Hapakuwa na mahali pa kukisogezea.

Halafu akaja mwewe mmoja. Mwewe mmoja si kitu. Lakini nyuma yake kunguru, na nyuma ya kunguru wale korongo warefu wenye vipara wanaoshinda machinjioni. Wakatua. Nikasikia ngozi ya tanga inagongwa, to, to, to. Paka wote wa Mukendo wakapanda ukuta. Paa langu lilikuwa linaliwa mara ya pili kwa wiki mbili.

Nilitoka jikoni na ufagio, mguu nimeshauweka kwenye ngazi. Nikakumbuka. Yeye yuko chini! Kupanda paa mama mkwe akiwa ndani ni kumkanyaga kichwani. Hilo halisamehewi kwa maneno, ng'ombe wa kutakasa anatoka, na mke ndiyo unamsahau kabisa. Nikashusha mguu.

Nikasubiri atoke ndipo nipande. Na yeye alitaka kutoka, maskini. Alifungua mlango akaniona nimesimama uani na ufagio. Akarudi ndani akafunga. Nikakimbilia jikoni ili apite. Akafungua tena, akaona viatu vyangu vimebaki nje ya jiko, akafunga tena. Mimi niondoke niende wapi? Njia ya kwenda barabarani inapita mbele ya mlango huo huo. Hatoki kwa sababu yangu, sipandi kwa sababu yake, na ndege wanaendelea kula.

Nikaanza kurusha mawe. Moja lilimpata korongo. Mengine yaliingia ndani.

Hapo ndipo Florian akaja, ndani ya koti refu la baridi, katikati ya jua. Akaniuliza kama apande yeye, kwa kuwa yeye si mkwe wa mtu humu. Nilikataa. Nilikataa mara mbili. Sauti ya mama mkwe ikatoka dirishani, haikunielekea mimi, ilielekea ukutani, "Jirani, mwambie baba Esta akuache upande. Na umwambie hiki alichoweka si paa. Hiki ni kitoweo."

Florian alipanda. Alipofika juu tu upepo wa ziwani ukaingia chini ya tanga kupitia matundu waliyotoboa ndege. Mzee Luhende alisema kweli kuhusu Ukerewe. Mafundo yangu hayakufunguka hata moja, kamba ndizo zilizokatika. Florian aliruka chini akiwa salama, koti likamsaidia. Tanga likanyanyuka likavuka uzio likatua juu ya mabati yake, na ndege wote wakahamia kwake.

Mama mkwe alitoka akiwa amejifunika khanga uso mzima, nami nikageukia ukuta. Amerudi Bunda na basi la jioni. Sikula sato. Nimekaa sebuleni, na juu yangu hakuna kitu chochote. Kwa uzito, nakiri, haiwezekani kupungua zaidi ya hapa.

Jumapili, 16 Novemba

Dafroza amekuja. Peke yake, bila watoto. Nilifurahi, halafu nikaona hakuja na mzigo.

Alizunguka vyumba vyote. Akasimama kwenye kitanda, akaangalia mawingu. Nilianza kumweleza kuhusu tabaka ya tatu ya mafuta. Aliinua mkono nikanyamaza.

"Baba Esta," alisema, "mimi sikukuombaga paa jepesi. Niliomba paa ambalo naweza nikalala chini yake na wanangu bila kuangalia juu. Ulinisikia?"

Nikasema nilisikia.

"Ulisikia nini?"

  Nikamwambia namtaka arudi, kwamba nimekuwa nazungumza na panya. Alicheka kidogo, kisha akafuta macho kwa upindo wa khanga. Akasema mama yake ameamua. Pamba aliyouza msimu huu itatoa mabati, fundi Bernado ataezeka, Florian atasimamia, na mimi nitakaa pembeni. Yakikamilika, yeye na watoto watarudi Jumamosi ijayo. Yasipokamilika, nisimtume mtu Bunda.

Kukaa pembeni! Nyumbani kwangu! Lakini nimekubali. Kwa Dafroza nitakaa hata juu ya mti.

Alhamisi, 20 Novemba

Mabati yamekwisha kupigwa. Siku tatu nimekaa kwenye kiti uani, mikono mapajani. Florian alikuwa anatoa amri kutoka chini akiwa amevaa kofia ya zimamoto ya nchi fulani. Nilitaka kusema mambo mengi. Sikusema hata moja. Mbavu zimeniuma.

Lazima niwe mkweli, nyumba imependeza. Mama mkwe alipita leo asubuhi, akasimama mbali barabarani chini ya mwavuli. Mimi nilikuwa chooni kwa hiari yangu. Florian anasema aliitikia kwa kichwa kwamba sawa, akageuza kurudi kumpelekea Dafroza habari. Keshokutwa mke wangu anarudi! Nimefua mto wake. Nimenunua sukari. Nimemnunulia Esta kitabu.

Na nimeyatafakari sana maneno yake ya Jumapili. Anataka alale bila kuangalia juu. Sasa mtu anaangalia juu kwa sababu gani? Kwa sababu kuna uzito. Maneno yake na yangu ni yale yale, yeye kayasema kwa upole tu.

Ijumaa, 21 Novemba

Mama mkwe yuko Bunda. Nyumba haina mtu. Hakuna mwiko wowote unaonizuia kupanda.

Asubuhi nimepanda kukagua, na nimegundua jambo ambalo fundi Bernado na Florian hawawezi kulijua, kwa sababu hawakusomea mizigo. Misumari! Wamejaza misumari kila mahali, mingine imekaribiana mpaka inagusana mabega. Msumari ni chuma. Nilichomoa mmoja nikauweka kiganjani, nikafumba macho. Ni kitu kidogo, ndiyo. Lakini karani wa mizigo hadanganywi na kitu kidogo. Meli nyingi zimezama kwa vitu vidogo vilivyojumlishwa.

Nimefanya kazi mpaka jioni. Ninaacha mmoja, nang'oa mmoja. Upande wa chumba chetu cha kulala, ambako Dafroza ana wasiwasi zaidi, nimeacha mmoja nikang'oa mitatu. Florian alipaza sauti kutoka uani kwake kuuliza nafanya nini huko juu. Nikamjibu kwamba nakaza. Akanisifu! Alisema hatimaye baba Esta amekuwa mtu mzima.

Misumari imejaza ndoo. Nimejaribu kuinyanyua kwa mkono mmoja, nimeshindwa. Hebu fikiria, uzito wote huu ulikuwa juu ya mto wa mke wangu, na hakuna mtu aliyeuona isipokuwa mimi.

Jua linazama na upepo wa ziwani umeanza. Mabati yanainuka kidogo pembeni, yanashuka, yanainuka tena. Vigae miaka yote ile havikuwahi hata kutikisika, ndivyo vilivyokuwa vizito. Sasa hili ndilo paa. Basi la Bunda linafika kesho saa nne. Dafroza akiingia tu, kabla hajavua viatu, nitamwonyesha ndoo.